Florent Anapotelea Wapi?

Capucine alikanyagwa mguu siku ya Jumatano, kwenye foleni ya jibini, sokoni katika mji wa Périgueux. Kiatu chenyewe kipya, rangi ya haradali, na buti lililokikanyaga lilikuwa na matope ya kutosha kupandia viazi.

"We kaka, huna macho?"

"Ninayo. Yalikuwa yanakutazama wewe, miguu ikakosa msimamizi."

Capucine akacheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Mwenye buti alikuwa Florent, fundi wa kuezeka mapaa kutoka kijiji cha Puymorel. Ilipofika vuli walikuwa wakiitana mpenzi, na mwisho wa mwezi Capucine alikuwa ahame kutoka mjini akaishi naye kijijini. Kila Jumapili walitembea mzunguko uleule: kutoka kanisani Puymorel, kupitia msitu wa mialoni, wakatokeze kijiji jirani cha Lachaud wanywe kahawa, kisha warudi kwa njia ya malishoni.

Shida ilikuwa katikati ya msitu. "Nisubiri hapa, kipenzi," Florent alikuwa akisema kila mara. "Naenda haja."

Haja gani ya nusu saa jamani! Tena akirudi, magoti yamejaa udongo na macho hayatulii.

Mama yake Capucine alipopigiwa simu hakumung'unya maneno. "Karibu na hapo kuna nyumba?"

"Ipo moja, ng'ambo ya msitu. Anakaa mjane."

"Mzee?"

"Kijana, mama. Na mzuri."

"Basi unaniuliza nini mimi?" Mama akakata simu.

Wivu ulimkaba hata usingizi ukamruka. Alimpenda Florent, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumapili iliyofuata walipofika palepale, Florent akaanza, "Naenda..."

"Twende wote."

"Haja, Capu! Utanishikia nini?"

"Usinichekeshe. Una nani kule?"

"Sina mtu."

"Basi una nini?"

Florent akashusha sauti. "Baba alinikataza kusema. Hata dada yangu hajui."

"Mimi ni dada yako? Basi sihamii! Kaa na mjane wako."

Akageuka na koti lake jekundu la mvua, akashika njia ya kurudi Puymorel lilikokuwa gari lake. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira. Hajafika mbali, simu ikalia.

"Mjane gani?" Florent alikuwa anahema.

"Usijitie ujinga."

"Capu, rudi. Nitakuonyesha. Wallahi nitakuonyesha."

"Nikikuta mwanamke nakung'oa masikio yote mawili."

Alirudi. Florent akatazama nyuma, akatazama tena, kisha akamwongoza, kulia, kushoto, wakainama chini ya matawi, mpaka kwenye mteremko mmoja mdogo. Akapiga magoti, akafukua majani. Uyoga! Mnono, vichwa vya kahawia kama mikate iliyotoka tanuri sasa hivi, umejaa mteremko mzima.

"Uyoga?" Capucine alipiga kelele.

"Punguza sauti, watasikia waje kuumaliza!"

"Nani, ndege?" Akaketi chini, akacheka, akalia. "Umeniliza kwa ajili ya uyoga, mwanamume wewe!"

"Babu alimwonyesha baba. Baba alimwonyesha mama, tena walipokwisha kuoana." Florent alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Haonyeshwi mtu wa kupita."

Capucine akafuta machozi. "Florent, unaniposa?"

"Si nimekuleta hapa?"

"Nataka kwa mdomo."

"Nikuoe, Capucine?"

"Nioe. Na ukome kunidanganya habari za haja."

Wakabusiana huku wamepiga magoti, kisha wakachuma mpaka kofia ya Florent ikajaa. Simu ya Capucine ikalia tena.

"Eh, umemfuma?" mama akauliza.

"Hakuna mwanamke, mama. Ni uyoga tu. Na tunaoana!"

"Unaolewa! Mungu wangu! Hongera, mwanangu!" Mama alivuta pumzi. "Na huo uyoga, uko wapi?"

Florent akaacha kuchuma. Capucine akamtazama, akaisogeza simu mdomoni.

"Lachaud, mama, kando ya mto," alisema.

Lachaud hakuna mto.