Kiwanja Kilichokaa Bure

Kwanza mtoto alikataa titi. Mbithe alikuwa ametoka bombani na ndoo yake, akakaa kitandani, akamwinua Makau wake wa miezi minne. Mtoto akageuza uso, akacheua maziwa yenye harufu ya moshi wa kuni. Na Mbithe hakuwa amemnyonyesha tangu alfajiri, wala humo ndani kuni hazikuruhusiwa.

"Umeshiba nini wewe?" akamuuliza, akijaribu kucheka.

Nyumba yenyewe ilikuwa mpya, pale Thika, ya mawe na sakafu ya saruji. Mumewe Nzioka alipewa na kiwanda mwaka huo wa 1957. Baraza la mji lilitoa kiwanja, kampuni ikajenga, wakubwa wakapeana mikono na kupigwa picha. Ardhi imekaa bure miaka yote, walisema. Wakubwa hao! Macho wanayo, lakini mwenye kukaa hawamwoni.

Makau akazidi kunenepa, na maziwa ya mama yake yakazidi kukauka. Kisha mchana mmoja, akianua nguo nje, Mbithe alisikia ndani mwanamke akibembeleza, taratibu, kwa maneno asiyoyajua, sauti ikitoka si chumbani hasa bali chini ya sakafu, na katikati ya maneno hayo akamsikia mtoto wake akimeza, akipumua, akimeza tena, na alipoingia mbio alimkuta peke yake sakafuni, midomo imelowa, akiitazama saruji kwa mapenzi ambayo mama mtu hakuwahi kutazamwa nayo. Alimwonea wivu jini huyo wa chini ya sakafu, na wivu huo ukamtisha kuliko jini mwenyewe.

Wamboi, jirani Mkikuyu aliyeuza viazi vitamu njiani, alishusha sauti alipoulizwa. "Ngai! Hapo watu wetu walikuwa wanalaza wanawake waliokufa wakizaa. Kwa msitu, bila kaburi. Hakuna mtu alikuwa analima hapo. Lakini wakati huu wa Hali ya Hatari, serikali ikitufunga ovyo, nani angeuliza sisi?"

Nzioka alikwenda kwa baraza. Karani akamwambia nyumba ni ya kampuni. Kampuni ikamwambia ardhi ni ya baraza. Aliyekaa kati ya sakafu na udongo hakuwa na mkubwa wa kushtakiwa kwake.

Wakamwita mganga, Mzee Muasya. Akaweka sikio sakafuni, akainuka, akafunga vibuyu vyake.

"Mgeni ningemfukuza," alisema. "Huyu ndiye mwenyeji. Mtoeni mtoto humu ndani."

"Nyumba ikienda, mzee, kazi imeenda," Nzioka akanong'ona.

"Na iende, Baba Makau!" Mbithe akasema.

Wakakimbilia Ruiru, kwa Kanini, dada yake Nzioka, kwenye kambi ya wachuma kahawa. Huko Makau alikataa titi, akakataa maziwa ya ng'ombe, akakataa uji. Alilia mpaka sauti ikakauka na macho yakazama. Mbithe alimwomba Mungu, kisha akamwomba mtoto mwenyewe. Hakuna aliyemsikia.

Basi akamrudisha kwa mikono yake. Alimlaza juu ya saruji, akatoka, akafunga mlango, akasimama juani akilia. Ndani, kumeza kukaanza.

Jua lilipogeuka, akapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Ngoja kidogo, mgeni," sauti ikajibu, sasa kwa Kikamba ilichokiokota kinywani mwa Mbithe. "Mwanangu hajashiba."