Moshi Uliofungiwa Uani

Sogeeni, jamani. Anayekohoa akae mbele, maana haya ni yake.

Asubuhi moja nyumbani kwetu kulikuwa shwari. Mkaza mwanangu, mwenye mimba changa, alikuwa akianika nguo uani. Mimi nilikuwa mlangoni nikichagua mchele na kusengenya kidogo, basi tu ulimi usilale. Mara mwanangu akatoka na rundo la nyaya za umeme zilizochakaa, akazitupa kwenye pipa, akawasha. Ndiyo kazi yake: anachoma plastiki mpaka ibaki shaba tupu ya kuuza. Mtaani wanamwita Bwana Shaba, naye kichwa humvimba kana kwamba amepewa cheo.

Majirani walikuwa wameshalalamika kwamba moshi unawaingilia madirishani. Mwanangu, kwa ukaidi aliorithi kwa marehemu baba yake (mimi simo), akajenga ukuta wa matofali kuzunguka ua, mrefu kupita paa.

"Sasa aje mtu alalamike!" akasema, akijipangusa mikono.

Kweli, majirani walinyamaza. Moshi ulipokosa njia ukageuka, ukaingia chumbani kwake mwenyewe. Hebu niambieni: mmewahi kuona mtu akimfungia mwizi ndani ya nyumba yake ili majirani wapone?

Hazikupita wiki nyingi, yule binti akaanza kunyong'onyea. Anavaa sweta jua likiwaka. Nywele zinabaki kwenye kitana. Sauti imekwaruza, na akikaa anasinzia. Nami, Mungu anisamehe, nikasema mbele ya wageni, "Wanawake wa siku hizi wavivu! Mimi nilibeba mimba saba huku nikipasua kuni."

Akafumbua jicho moja. "Na hizo saba, mama, ulikuwa unavuta plastiki?"

Nikainuka, nikajitanda kanga yangu. Kushindwa hoja hunipata mara moja kwa miaka kumi.

Nikamsindikiza kliniki. Nesi akamshika shingo, akamtoa damu. Majibu yalipotoka akatuita.

"Tezi ya shingoni imelegea," akasema. "Ndiyo inayotoa homoni ya kuuamsha mwili. Na miezi hii ya mwanzo mtoto bado hana ya kwake, anategemea ya mama. Ikipungua, ubongo wake unaweza usikue vizuri."

Kisha akanusa mtandio wa mkwe wangu. "Mnachoma nini huko kwenu?"

Tukamwambia.

"Siwezi kuapa kwamba ni moshi peke yake," akasema. "Lakini wataalamu wamegundua hewa chafu inakwenda pamoja na tezi kulegea kwa wajawazito. Na nyaya zikiungua, bibi, hazitoi manukato. Dawa nitampa. Moto mzime nyinyi."

Tulipofika nyumbani, Bwana Shaba akacheka. "Mbona mimi ninauvuta kila siku na niko ngangari?" Akamalizia kwa kikohozi kirefu.

"Kesho hakuwashwi moto hapa," mkewe akasema.

"Kwani hii nyumba ya nani?"

"Nyumba yako, mume wangu. Tumbo langu."

Kulipokucha nikaligeuza lile pipa kifudifudi, nikalikalia, redio mapajani. Mkwe wangu akaweka kiti mlangoni pa stoo ya nyaya, naye akakaa.

"Mama, ondoka hapo."

"Washa."

"Mama!"

"Washa, mwanangu. Mimi nimekauka, nitashika moto upesi."

Majirani wakaingia kwa lango kutazama sinema ya bure. Mmoja akaniletea mto, maana pipa halina huruma na makalio ya kizee. Siku ya tatu mwanangu, bila kumtazama mtu, akatoa kisu, akachuchumaa, akaanza kumenya waya mmoja mmoja kama muhogo. Jioni akachukua nyundo, akaubomoa ule ukuta upande wa upepo.

Dawa ilimezwa kila asubuhi kabla ya kula, na damu ikapimwa kila mwezi. Mtoto alizaliwa akifoka. Akachomwa kisigino, damu ikapimwa, na nesi akasema, "Tezi yake ni nzima."

Nikamwomba mkwe wangu radhi kwa kumwita mvivu.

"Uliniita mbele za watu, mama," akasema. "Radhi nayo iwe mbele za watu."

Haya, watu ndio nyinyi. Hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa mjinga.

FUNZO LENYEWE

Moshi ukimfichia jirani, unaulea mwenyewe. Mjamzito akichoka kupita kiasi, akihisi baridi wakati wa joto au akivimba shingo, usimpe jina la mvivu; mpeleke akapimwe, na dawa asiiache. Nanyi mabinti, kuidai hewa safi si utovu wa adabu. Idaini kwa mume, kwa mkwe, kwa tajiri mwenye kiwanda. Na atakayesema bibi huyu ana maneno mengi, kwanza azime moto wake, ndipo aje tubishane.