Fundi Aliyezima Simu

Mume wangu ni fundi makochi. Mtaani kila mtu anamwita Fundi, hata mama yake mzazi. Karakana yake iko mbele ya nyumba yetu, chini ya paa la bati. Ukipita asubuhi utamsikia akigonga nyundo na kupiga mluzi. Mluzi wenyewe hajui kuupiga, lakini nani amwambie?

Nyumba yetu ina vyumba vitatu. Tuliijenga wenyewe, pole pole, tukijibana kwenye chakula ili tununue matofali. Mama mkwe wangu anakaa nasi. Si mtu wa maneno mengi. Akisema "haya", ujue amesema mengi siku hiyo.

Taabu yetu ilianzia kwenye mkopo. Mkopo wenyewe haukuwa mbaya. Fundi alihitaji cherehani kubwa ya kushonea ngozi na vitambaa vizito. Tulikaa, tukakubaliana, tukaweka nyumba dhamana. Maana yake ni kwamba tusipolipa, mkopeshaji ana haki ya kuiuza nyumba ili apate fedha zake. Tulilijua hilo, na sote wawili tulitia sahihi.

Mwanzoni tulilipa vizuri. Kisha Fundi akateguka mkono akiinua kochi. Hakuweza kuvuta kitambaa wala kushika nyundo, na kazi zikalala. Tukachelewa kulipa, tukachelewa tena. Fundi akaenda kukopa kwa mtu wa mtaani ili apeleke fedha kwenye ofisi ya mikopo. Riba ya mtu huyo ilikuwa kali kuliko pilipili. Sasa tukawa na madeni mawili.

Afisa wa mikopo alipiga simu kila mara. Fundi akaona dawa ni moja tu. Alitoa laini yake kwenye simu, akaitupa ndani ya kopo la misumari, akanunua laini mpya.

"Sasa nimepumua," aliniambia.

Mkono ukapona. Lakini jambo la ajabu, wateja hawakuja. Fundi alikuwa akikaa kwenye kigoda mbele ya karakana, anatazama barabara.

"Watu wameacha kukaa siku hizi?" aliuliza. "Au wanakaa chini?"

Kisha ikaja notisi kutoka ofisi ya mikopo. Tusipofika wala kulipa, nyumba itapigwa mnada. Fundi aliisoma amesimama, halafu akaketi. Mama mkwe alitaka kujua imeandikwa nini. Tungemficha vipi? Tulimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya", akaingia chumbani kwake.

Wiki hiyo hiyo alitujia Mama Pacha. Ni mteja wetu, anakaa mtaa wa pili. Pacha wake walilirukia kochi la sebuleni hadi springi zikatoka nje, na kochi hilo lilikuwa kwetu tangu Fundi alipoumia; mkono ulipopona, fedha ya springi na sponji hatukuwa nayo. Mama Pacha anafanya kazi kwenye chama cha akiba. Kazi yake ni kuwashauri wanachama kuhusu mikopo.

"Hodi hapa, wenye kochi langu."

"Karibu, mama," alisema Fundi. "Utanisamehe. Niliteguka mkono, kisha..."

"Pole sana kwa mkono, baba. Na simu je, nayo imeteguka? Napiga hiyo namba ya ubaoni, haipatikani. Dada yangu ana viti vya kurekebisha. Amekutafuta mpaka amechoka, kavipeleka kwa fundi mwingine."

Fundi akageuka, akakitazama kibao chake. Alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: FUNDI MAKOCHI, PIGA SIMU. Chini yake ilikuwepo namba, na namba yenyewe ni ile aliyoitupa kwenye kopo la misumari. Alimkimbia mkopeshaji, kumbe amewakimbia na wateja.

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Mama Pacha aliketi kwenye mbao za kochi lake lisilo na sponji.

"Haya, nielezeni," alisema.

Tukamweleza kila kitu. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akamgeukia Fundi.

"Kochi bovu likiletwa hapa, unaanza kwa kulivalisha kitambaa kipya?"

"Aa, hapana. Nalifungua kwanza, nione kilichovunjika."

"Basi huo mkopo wa mtaani ni kitambaa kipya juu ya mbao iliyovunjika. Usikope tena ili ulipe deni. Utakuwa unalipa riba huku na huku, na deni liko pale pale."

"Sasa nifanye nini, mama? Hela sina."

"Nenda ofisini kwao."

"Mikono mitupu? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Uso wako nenda nao, watautaka wauone. Wao hawajui kama umeumia au umetoroka. Ukinyamaza, watahesabu umetoroka. Waeleze ukweli, na chukua cheti cha hospitali. Waombe wapange mkopo upya, ulipe kidogo kidogo kwa muda mrefu zaidi. Lakini uliza riba itaongezeka kiasi gani, maana muda ukirefuka na gharama hupanda. Na utaje kiasi unachoweza kulipa hata mwezi mbaya. Usitaje kikubwa kwa kuona haya."

"Wakikataa?" niliuliza.

"Wanaweza kukataa, siwezi kukudanganya. Hapo mtatafuta msaada wa sheria mapema, kabla ya mnada. Lakini wakopeshaji wengi wanapenda kulipwa kuliko kuhangaika na nyumba ya mtu. Na wakikubali, yaandikwe. Msome kwanza, mtie sahihi, mpewe nakala."

Kesho yake tulikwenda. Fundi alivaa shati lake la harusi, ambalo siku hizi linambana tumboni. Njiani hakupiga mluzi. Tulitarajia kumkuta afisa mkali. Tukamkuta kijana mpole, anakunywa chai.

"Fundi," alisema, "nimekutafuta hadi nimechoka. Ungekuja ulipoumia tu, tusingefika huku."

Alisoma cheti cha hospitali, akauliza kuhusu kazi. Halafu akauliza, "Kwa mwezi utaweza kulipa kiasi gani?"

Nikamwona mume wangu anatuna kifua. Aibu ilikuwa imempanda, na alitaja kiasi ambacho hatujawahi kukishika kwa mwezi mmoja. Nilimkanyaga mguu chini ya meza.

"Samahani," alisema Fundi. "Nilitaka kusema nusu ya hicho."

Afisa akachungulia chini ya meza, akacheka. "Nusu nitaiamini," alisema.

Alipeleka ombi letu kwa mkubwa wake. Tulisubiri siku kadhaa, roho mkononi. Jibu lilipokuja, lilikuwa jema: mkopo umepangwa upya, mnada umesitishwa. Tulisoma mkataba neno kwa neno. Nilipofika nisipoelewa niliuliza, na hakuna aliyenicheka.

Tuliuza televisheni na meza ya kioo, tukamaliza deni la mtu wa mtaani, kwa sababu riba yake ndiyo iliyokuwa inakimbia zaidi. Fundi alirudisha laini yake ya zamani kwenye simu. Wateja wakarudi mmoja mmoja.

Mama Pacha alikuwa wa kwanza kupata kochi lake. Tulitaka kumtengenezea bure, kwa shukrani. Akakataa kata kata.

"Ukinifanyia bure, rejesho la mwezi huu utalipa na nini?" alisema, akatoa pesa yake yote. Sijui kama kuna namna ya kumshukuru mtu wa aina hiyo ikatosha. Mimi hadi leo simtaji bila kumwombea heri.

Ilituchukua muda mrefu, na miezi mingine tulikula uji. Lakini tulilipa kila mwezi, na kila stakabadhi tuliitunza. Mwishowe tukalipa rejesho la mwisho, na ofisi ikaturudishia hati ya nyumba. Fundi aliileta nyumbani, akaiweka mikononi mwa mama yake. Mama hajui kusoma. Aliigeuza huku na huku.

"Ni yetu?" aliuliza.

"Ni yetu, mama. Hakuna anayetudai."

"Haya," alisema, akaenda chumbani kwake.

Alikawia. Niliingia kumtazama kama ni mzima. Nilimkuta amevuta begi kutoka uvunguni mwa kitanda, anatoa nguo moja moja na kuzitundika ukutani. Nguo zake zote zilikuwa humo. Ndipo nilipoelewa. Alifunga mizigo siku ile ile ya notisi, ili tukifukuzwa asitucheleweshe. Miaka yote hiyo alivaa, akafua, na kuzirudisha begini, wala hakutuambia.

Nikauliza neno la kijinga.

"Mama, unasafiri?"

"Hapana, mwanangu," alisema, akanipa gauni nimtundikie. "Ndiyo kwanza nimefika."