Ruta ya Chumba cha Ndani

Ngaa!

Sauti moja tu, gizani. Saumu akafumbua macho. Alikuwa mdogo wake, mchanga, analilia maziwa.

Saumu akanyata hadi chumba cha ndani. Mama alikuwa ananyonyesha.

"Lala salama..." Saumu akanong'ona. Lala salama, nani? Mtoto hakuwa na jina.

Jina alikuwa nalo Bibi, mbali, kule Pemba.

"Nitalitoa nikimwona uso," Bibi alisema. "Na yeye mwenyewe ndiye atakayelisikia kwanza."

Asubuhi Bibi akapiga simu ya video. Mama akaisogeza kwenye sikio dogo.

"Jina lako ni... ni... ni..."

Kwi! Bibi akaganda, mdomo wazi.

"Mlete sebuleni," Baba akasema. "Sebuleni mtandao upo."

"Na arobaini je?" akauliza Shangazi Mize. "Mzazi na mwanawe hawatoki chumbani kabla ya arobaini. Huo mtandao wako ndio uje huku."

Lakini nyumba yao ilikuwa ya kale. Kuta zake za mawe, nene kama godoro. Na ruta, kile kisanduku cha kurusha mtandao, ilikuwa imechoka.

Baba na Saumu wakaenda dukani kwa Dada Raya.

Loo, ruta zilivyojipanga! Moja ilikuwa nyeusi, pana, na antena nane. Ilifanana na kaa aliyelala chali.

"Nipe huyu kaa," akasema Baba.

"Ngoja kwanza, Baba Saumu," akasema Dada Raya. "Nyumbani mnatumia wangapi?"

"Mimi, mama yake, na shangazi yake."

"Na kuta?"

"Za mawe," akasema Saumu. "Nene hivi. Na Mama yuko ndani kabisa."

"Basi kaa wa nini? Huyu ni wa nyumba yenye watu tele. Nyie chukueni hawa mapacha, ruta mbili za kusaidiana. Mkubwa akae sebuleni. Mdogo akae koridoni. Mkubwa anamrushia mdogo mtandao, mdogo anampelekea Mama. Ila msiwafungie. Wanapenda uwazi."

Wakarudi na mapacha. Pi! Mkubwa akawaka taa. Pi! Mdogo, juu ya stuli koridoni, akawaka taa.

Saumu akakimbia kumwambia Mama. Baba akampigia Bibi.

"Jina lako ni... ni... ni..."

Kwi! Bibi akaganda, mdomo wazi.

Mtoto akalia. Saumu naye alitaka kulia.

Akachukua simu, akatembea nayo polepole. Sebuleni, vijiti vya mtandao vilijaa. Koridoni, vikapungua. Mlangoni kwa Mama, kikabaki kimoja.

Pacha mdogo yuko wapi?

Hakuwa juu ya stuli. Alikuwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya birika la wageni. Tena amefunikwa kitambaa cha kufuma, chenye maua.

"Shangazi, umemfunika?"

"Nimemtunza," akasema Shangazi Mize. "Kitu kipya kiliwe na vumbi?"

"Huko ndani hasikii, Shangazi. Na Mama hapati."

Shangazi akamtazama pacha. Akaanza kucheka, mpaka mtandio ukamdondoka.

"Masikini, nimemlaza na shuka mchana kweupe."

Akamtoa, akamweka juu ya stuli. Kitambaa akakipeleka chumbani, akamfunika mtoto miguu.

Jioni Bibi akapiga tena. Safari hii hakuganda. Alimtazama mtoto sana, akatabasamu.

"Ana paji la babu yake," akasema.

Kisha akanong'ona kwenye sikio dogo. Polepole, mara moja tu. Mtoto akatulia, macho wazi.

Mama akasikia. Akavuta kanga, akajifuta macho.

"Na sisi je?" akauliza Baba kutoka mlangoni.

"Subiri," akasema Mama. "Dada yake kwanza." Akamvuta Saumu, akamnong'oneza.

Saumu akapanda kitandani taratibu. Akalibusu lile paji.

"Lala salama," akasema, "Mwanaheri."