Maji Yanakwenda Wapi?

Melania na mumewe, Sostenes, walikuwa wamepanga nyumba Guangzhou. Nyumba hiyo ilipashwa joto na boila ya gesi, iliyopitisha maji ya moto kwenye mabomba chini ya sakafu. Asubuhi moja ya baridi, Sostenes alikwenda soko la Shahe kununua nguo. Melania alibaki na mtoto wao mchanga, Kissa.

Boila ikazimika tena. Mshale wa geji ya presha ulikuwa karibu na sifuri. Melania alifungua koki, akaongeza maji kama alivyozoea. Boila ikawaka. Alipomaliza kumwogesha mtoto, mshale ulikuwa umeanguka tena.

Kitu hiki kitatulipukia, aliwaza. Alimnyakua Kissa, akaenda kugonga kwa jirani yake, Kerubo, Mkenya mwenye boila kama hiyo.

"Dada Kerubo, njoo! Naogopa tutaungua!"

"Umesikia harufu ya gesi?"

"Hapana."

"Ungeisikia, ungetoka nje bila kugusa swichi. Hiyo ni presha ya maji. Ikishuka kila mara, ujue maji yanavuja. Umefanya nini?"

"Naongeza maji. Kila siku."

Kerubo alimkazia macho. "Na hayo maji yote yanakwenda wapi?"

Melania akamwongoza mbio hadi kwenye boila yake.

Kerubo alizima boila, akashusha swichi kuu ya umeme. Mabomba yalipopoa, alitazama bomba dogo la usalama linalotokeza nje. Lilikuwa kavu; maji hayakuvujia hapo. Kisha alifungua kabati ambamo mabomba ya sakafu hugawanyika. Akafuta kila kiungio kwa karatasi laini. Karatasi moja ikalowa. Akamulika chini kwa simu. Maji yalikuwa yametambaa mpaka kwenye waya wa umeme.

"Mungu wangu!" Melania alimkumbatia mtoto kwa nguvu. "Nilikuwa nayapeleka huko mwenyewe."

"Usiguse kitu. Mwite shifu, yule fundi wa boila."

Melania aliwapigia simu fundi na mumewe. Sostenes aliporudi mbio, alinyoosha mkono kwenye koki. Melania akamshika.

"Usiongeze! Kwanza parekebishwe panapovuja."

Fundi alifika alasiri. Alibadilisha mpira uliochakaa wa kiungio, na pia ule waya uliolowa. Kisha alijaza maji mpaka mshale wa presha ukafika moja na nusu, akakagua kila kiungio tena.

Wiki nzima mshale haukushuka. Melania alianza kutembea peku ndani, Kissa amelala mgongoni, na sakafu ina joto chini ya nyayo zake.