Spana ya Upepo ya Mama Fundi

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kula, Chiriku alikimbilia uani. Huko, chini ya paa la mabati lililoegemea ukuta wa jikoni, ndiko ilikokuwa gereji ya mama yake. Haikuwa kubwa. Gari moja likiingia, la pili lilisubiri nje ya geti. Hata hivyo mtaa mzima ulimwamini Mama Fundi. Gari likitoka mikononi mwake limetengenezwa, basi limetengenezwa kweli.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake, mwoka mikate, kwa kuwa binti huyo hakunyamaza ila akiwa usingizini. Kazi yake gerejini ilikuwa kupokea nati zilizofunguliwa, kuzipangusa kwa tambara na kuziweka ndani ya kifuniko cha ndoo zisipotee. Mikono ikifanya kazi, mdomo nao ulisimulia yote yaliyotokea darasani, na mama alicheka kutoka chini ya gari, miguu yake tu ikionekana.

Siku moja mama alikuwa anafungua gurudumu. Ghafla wilispana, ile spana ya magurudumu, ilimponyoka, ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Akaukunjua mkono wake wa kulia, akaukunja, akaupuliza kama mtu aliyeungua.

"Mama, umeumia?"

"Ganzi tu, mwanangu. Vidole vinachomachoma kama sindano. Vitapoa." Kisha akashusha sauti. "Lakini usimwambie baba yako. Akisikia mkono unauma, kesho yake gereji hii ina kufuli."

"Simwambii, mama."

Ilikuwa ahadi nzito kwa mtoto asiyejua kunyamaza, lakini Chiriku alimpenda mama yake, akaitunza. Alimwona akiikanyaga wilispana kwa mguu ili nati zilegee. Asubuhi alimfunga vifungo vya blauzi, maana vidole vya mama havikuvishika tena. Hata siku kikombe kilipomponyoka mama mezani, Chiriku alidakia upesi, "Ni mimi, baba! Nimekigonga kwa kiwiko." Baba akamwambia awe mwangalifu. Mama akainamisha uso.

Jumamosi moja mkunga wa mtaa alileta gari lake libadilishwe breki. Alikuwa mama mwenye kicheko kikubwa, na ndiye aliyempokea Chiriku siku alipozaliwa.

"Nifanyie upesi, mdogo wangu," alimwambia mama. "Jioni napanda kule mlimani. Kuna mwenzetu anakaribia kujifungua, na watoto hawana simile."

Mama alifanya kazi bila kupumzika. Kila alipomaliza gurudumu, alikazia nati kwa spana ya kipimo, ile inayotoa mlio wa "kwach!" nati ikikazwa inavyotakiwa. Gurudumu la kwanza lililia, la pili pia, na la tatu. Alipofika la mwisho, mkono ulianza kutetemeka. Mama aliegemea spana, akafumba macho kwa maumivu, akaiachia. Hakukuwa na mlio wowote.

"Basi, imekaa," alisema, kama anayejiambia mwenyewe.

Chiriku alifungua mdomo. Akakumbuka ahadi, akaufunga. Mkunga akaondoka huku akipunga mkono dirishani.

Baba aliporudi na mikate yenye moto, Chiriku hakuigusa.

"Leo chiriku wetu kakatwa ulimi?" baba aliuliza akitabasamu.

Machozi yalimjaa Chiriku. Alimtazama mama, akawaza ule mlima, kona zake na yule mwanamke anayemsubiri mkunga. Moyo ukamshinda.

"Mama," alisema, "lile gurudumu la mkunga halikulia."

"Halikulia vipi?" baba aliuliza.

Kisha Chiriku akasema yote kama maji yaliyofunguliwa mfereji: ganzi, hofu ya kufuli, vifungo, kikombe, spana iliyokataa kulia. Baba hakugomba. Alichukua simu palepale, akampigia mkunga. "Dada, usilitoe gari! Tunakuja."

Walimkuta mkunga getini kwake, mkoba begani, ufunguo mkononi. Baba aliinama kwenye gurudumu, akashika nati kwa vidole viwili. Ikazunguka. Akashika nyingine, nayo ikazunguka. Mama aliona, akajishika kifuani.

"Ningewaua watu," alisema kwa sauti ndogo. "Dada yangu, nisamehe."

"Hujaua mtu," mkunga alijibu akimshika bega. "Kazeni, niende nikapokee mtoto. Hayo mengine tutayasema nikirudi."

Baba alikaza kwa spana ya kipimo huku mama akimwelekeza, na safari hii nati zote zililia. Njiani wakirudi, Chiriku alibaki nyuma akijifuta machozi kwa mkono wa gauni.

"Nimevunja ahadi, mama."

Mama alirudi, akachutama mbele yake. "Hukunikosea, mama'ngu. Mimi ndiye niliyekutwika mzigo usio wako. Mtoto habebeshwi siri inayomuumiza mtu."

"Na kufuli hatuweki," baba alisema. "Nani kakwambia nitakufungia gereji? Ila mkono huo unaanzia hospitali."

Daktari aliupima, akasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono kwa sababu ya miaka mingi ya kukaza na kulegeza. Alimfunga gango la kuushikilia mkono na kumwamuru apumzike. "Ukiruhusiwa kurudi kazini," aliongeza, "tafuta chombo cha kukupunguzia nguvu. Kiwe chepesi, na kisikutetemeshe sana."

Mkono ulipopata nafuu, wote watatu walikwenda duka la vifaa vya gereji. Kwenye rafu zilipangwa spana za upepo, zinazoendeshwa kwa upepo wa mashine ya kompresa, zile ambazo mafundi huziita bunduki. Macho ya mama yalikwenda moja kwa moja kwenye kubwa kuliko zote.

"Hiyo ndiyo bunduki," alisema. "Hiyo hata nati ya lori inatii."

"Unatengeneza malori?" muuzaji aliuliza kwa adabu.

"Hapana. Magari madogo tu, nyumbani."

"Na kompresa yako ina tangi la ukubwa gani?"

"Dogo, kama mtungi wa maji."

Muuzaji alitikisa kichwa. "Basi hii itakupa shida, mama. Inakunywa upepo kama ng'ombe aliyetoka machungani. Utafungua nati moja, tangi tupu, usubiri lijae. Utaishia kuirudia wilispana."

Chiriku, ambaye ulimi wake ulikuwa umerudi mahali pake, alianza kuuliza. Ipi nyepesi? Inatetemesha mkono? Inapiga kelele? Muuzaji alijibu mpaka akacheka. "Huyu mtoto mniachie hapa dukani. Ananunua vizuri kuliko wakubwa. Mama, usichague kwa macho. Ishike, unyooshe mkono kama uko kwenye gurudumu."

Mama aliinyanyua ile kubwa. Punde kifundo kikaanza kucheza. Chiriku aliona, akainua macho. Mama alimtazama binti yake, akavuta pumzi.

"Inaniumiza," alisema wazi, mbele ya watu wote. "Nipe nyingine."

Ya pili ilikuwa fupi, nyepesi, na mpini wake ulifunikwa mpira. Muuzaji aliiunga kwenye kompresa ndogo kama ya nyumbani, na mama akafungua nati zote za gurudumu la majaribio bila kukunja uso. "Itie matone ya oili kabla ya kazi," muuzaji alimwelekeza, "umwage maji yanayokusanyika tangini, na uzibe masikio. Tena hii ni ya kufungulia nati na kuzisogeza mahali pake tu. Kukaza kwa mwisho, rudi kwenye spana ya kipimo. Ukiachia bunduki ikaze yenyewe, utakata bolti."

Mteja wa kwanza wa bunduki mpya alikuwa mkunga, aliyekuja kwa hiari yake.

"Huogopi kuniletea tena?" mama aliuliza.

"Sasa ndiyo nakuamini zaidi," mkunga alisema. "Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Wewe umeacha kuficha. Na yule mtoto wa mlimani ni wa kike, analia kama honi!"

Walicheka. Kazi ilipokwisha, mama alikaa kwenye benchi, akamvuta Chiriku ubavuni.

"Sikiliza, mwanangu. Mwenzako akikuomba umfichie zawadi, mfichie. Akikuomba umfichie maumivu au hatari, mpende kiasi cha kusema. Hata akiwa mimi."

"Hata ukikasirika?"

"Nitakasirika kidogo," mama alisema, "kisha nitakushukuru siku zote."