Gari Zima Lililoitwa Bovu

Jumamosi yadi ya magari hujaa watu kuliko magari. Wanunuzi wanapiga mateke matairi, madalali wanapiga domo, honi hazipumziki. Katikati ya kelele hizo dada mmoja alikuwa amechutama nyuma ya pikapu nyekundu, gauni la kijani amelikunja magotini, miguuni buti za kazi zenye vumbi. Alikuwa anaipapasa rangi kwa kidole, amependa.

"Rangi haivuti tela, dada," sauti ilisema nyuma yake.

"Na wewe nani kakuuliza?"

Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa fundi mkaguzi, na kazi yake ilikuwa kumwambia mnunuzi ukweli kabla hajatoa pesa. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akifumba macho na kusikiliza. Yadi nzima ilimwita Sikio, na neno lake halikubishiwa. Akamwonyesha dada mahali chini ya ile nyekundu ambapo chasi ilikatika, ikachomelewa, ikapakwa rangi. Dada alichungulia, kisha akacheka. Sikio alikipenda kicheko kile papo hapo.

Dada alikuwa mkodishaji wa mahema na viti vya harusi. Alitaka dabo kebini, milango minne, kwa sababu wasimamishaji wake wa mahema walipanda juu ya mzigo, jua lao mvua yao. Tena liwe gari la kuvuta tela la vyuma vya mahema mlimani bila kulalamika. Pikapu kuukuu aliyoendesha kaka yake ilikuwa imechoka, na breki zake zilishika pale tu zilipojisikia.

"Nitafutie," alisema. "Ila usinizungushe."

Wakaanza kuzunguka. Kila Jumamosi yadi moja, na katikati ya wiki simu, naye Sikio akaanza kumwita Tela.

"Tela, umeamka?"

"Nimeamka, Sikio wangu. Leo tunakagua nini?"

"Kuna moja ya bluu. Nadhani ina kikohozi."

"Na mimi unanisikiaje?"

"Wewe hata bisibisi sihitaji."

Alimfundisha kuchomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi na kunusa. Yakinuka kuungua, geuka uende zako. Dada alishika haraka, na alipopata doa la grisi puani, Sikio alimfuta kwa kidole gumba polepole kuliko doa lilivyohitaji.

Kisha wakaifikia ile nyeupe, mwisho wa safu. Dizeli, chasi safi, springi nene, breki za kuaminika. Sikio alisikiliza injini na moyo ukamshuka. Gari lilikuwa zima. Akilisema zima, dada atalipa, atafunga tela lake na Jumamosi zitakwisha. Mtu yule aliyeweza kuisikia beringi inayoanza kuchoka hakujua kumwambia mwanamke, njoo tunywe chai, bila gari la kukagua kati yao.

"Giaboksi inakufa," alisema. "Tuiache."

Dada aliitazama ile nyeupe kwa uchungu kidogo. "Wewe ndiye unayesikia," alisema, akamshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumshika, na hakumwachia mpaka walipofika getini.

Wiki ile ile, kwenye mteremko, tela la vyuma liliisukuma pikapu kuukuu nayo breki zikakataa. Wasimamishaji waliruka. Kaka alibaki na usukani mpaka mtaroni. Alitoka hai, lakini hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Sikio alikwenda kila siku. Kwenye korido inayonuka dawa, dada alilia kifuani pake na kumwambia, "Nisingekuwa na wewe ningefanyaje?" Sikio alimpapasa mgongo, akauliza habari za dawa badala ya kuitaja ile nyeupe. Alijiona mnyonge, na kweli alikuwa mnyonge.

Asubuhi moja simu iliita.

"Sikio, uko wapi?"

"Kwa mteja. Kuna nini, mpenzi?"

"Niko mbele ya ile nyeupe. Kumbe bado iko hapa. Nimechomoa kijiti, nimenusa, nikanusa tena."

Sikio aliweka bisibisi chini.

"Ni safi. Labda mimi sijui kunusa." Akangoja. "Au labda wamebadilisha mafuta."

Alilisema hilo la mwisho taratibu, kama anayemtafutia udhuru. Sikio alielewa kwamba amefunguliwa mlango. Angeitikia tu, na jioni angekuwa tena kwenye korido ile, amekumbatiwa.

"Hawakubadilisha," alisema. "Giaboksi ilikuwa nzima. Nilijua."

"Kwa nini?"

"Ungenunua, ungeondoka. Sikujua kukuita bila gari."

"Ungeniambia njoo," dada alisema. "Ningekuja hata kwa miguu."

Akakata, na kila Sikio alipopiga tena, simu iliita mpaka ikachoka.

Walionana mara moja zaidi. Jumamosi, yadi imefurika, ile nyeupe imetolewa kwenye safu. Dada alikuwa na gauni jeusi na buti zile zile. Kaka yake alikaa ndani yake, kiti cha mbele, magongo yameegemea mlango.

"Ikague," dada alimwambia. "Kaka anataka akusikie ukiusema ukweli."

Sikio aliinama. Alisikiliza injini, akakagua chasi, springi, breki, akachomoa kijiti akanusa. Hakuacha kitu.

"Zima," alisema. "Zima kabisa. Linavuta tela lolote mtakalofunga."

Kaka alimtazama kidogo, kisha akageuza uso.

"Asante, fundi," dada alisema, kwa heshima ile anayopewa mtu baki. Halafu akampungia mkono fundi mwingine aliyekuwa anangoja getini na bisibisi yake.

"Njoo," alimwambia. "Rudia yote."